Bi Fundi Alivyochagua Mashine

Bi Fundi hakuamini kitu chochote kipya mpaka akione kimechoka. Ukimwonyesha simu mpya, alikuuliza kama unamjua mtu mwenye simu ya aina hiyo iliyokwisha kuanguka sakafuni. Ukimsifia kijana anayeposa, mtanashati, anayeswali safu ya mbele, alitikisa kichwa na kusema, "Nileteeni siku za mwisho za Ramadhani, saa kumi jioni, ana njaa na ana usingizi. Hapo nitamwona." Viatu alinunua vya mtumba tu, na si kwamba alishindwa vipya. Alisema kiatu cha mtumba kimeshafanyiwa majaribio kwenye mguu wa mtu mwingine, na kama kilikuwa cha kuachia soli, kingeachia hukohuko kilikotoka.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika karakana yake ya useremala pale Buzebazeba, Kigoma, mimi nikiwa mchongaji wa nakshi, yeye akiwa mwenye karakana, msemaji wake na king'ora chake. Sitasimulia alizaliwa wapi wala na nani. Ujiji ina watu wazima wanaoweza kukupangia nasaba ya mtu yeyote hadi ng'ambo ya ziwa, na kila mmoja ataipanga kivyake, kwa hiyo waendeeni hao. Mimi namjua kuanzia mlango wa karakana unapofunguliwa asubuhi mpaka unapofungwa. Jina alikuwa nalo, na zuri, lakini mji mzima ulimwita Bi Fundi, hata maseremala wanaume ambao mwanzoni walilitamka huku wakicheka. Baadaye walilitamka bila kucheka.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vitanda vya harusi. Milango tulitengeneza, na makabati, na mara mojamoja jeneza, lakini watu walitujua kwa vitanda. Vilikuwa vya mkurungu, mti wetu mgumu, mwekundu, unaotoka upande wa Uvinza na unaoua misumeno. Ubao wa kichwani tuliuchonga ua kubwa katikati na majani ya mchikichi pande zote mbili, kila jani na mishipa yake. Ukiona kitanda chenye majani ya mchikichi popote kati ya Kigoma na Ilagala, uliza. Nakuhakikishia kimetoka kwetu.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Kitanda cha harusi mtaani kwetu hakifikishwi kimyakimya. Kinatolewa karakana kikiwa juu ya mkokoteni, wanawake wanakisindikiza kwa vigelegele, watu wanatoka nje kukiangalia, na wenye ulimi wanakikosoa. Ndiyo maana kikichelewa, mtaa mzima unajua kimechelewa, na atakayebeba aibu hiyo ni bibi harusi na mama yake. Fundi haonekani. Bi Fundi alilielewa hilo kuliko mafundi wote. Alikuwa akisema, "Mimi nikichelewesha kabati, mtu atakunja nguo zake aziweke kwenye sanduku. Nikichelewesha kitanda, nimemvua mtoto wa watu nguo mbele ya mtaa." Kwa hiyo alikuwa na neno lake moja, nalo alilitoa mbele ya kila mama aliyekuja kuagiza: hakuna bibi harusi atakayelala chini kwa sababu yangu.

Na hawakulala chini. Nasema hivyo kwa kujivuna, maana mikono iliyochonga ilikuwa yangu.

Namna yake ya kulilinda neno hilo ilichosha watu. Tarehe ya harusi aliiuliza kwa mama wa binti, kisha akaenda kuiuliza tena kwa wakweze, na zikitofautiana alishika ile ya mapema. Mwenye mbao wa Uvinza alipigiwa simu mpaka akaomba aachwe alale. Dereva wa lori alipigiwa akiwa barabarani, akiwa gereji, akiwa msibani. Siku moja yule mwenye mbao alikuja mwenyewe, akaketi, akasema kwa lafudhi yake ya Kiha, "Bi Fundi, mke wangu ananiuliza wewe ni nani." Bi Fundi akamjibu, "Mwambie ni mkurungu." Akamkaribisha chai, na alipoondoka tu akampigia kuuliza kama amefika stendi.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Alitukataza kula ndani ya karakana, akidai makombo yanaleta panya, halafu yeye mwenyewe alikuwa anafungua bakuli la mgebuka wa kukaanga juu ya meza ya kazi na kutema miiba kwenye takataka za randa. Alijisifu kwamba hamuazimi mtu patasi, hata ndugu yake, na kweli hakuazima, ila vipande vya mbao alivigawa kwa yeyote aliyepita mpaka tukakosa vya kutengenezea vigingi. Adhana ikisikika alizima kila kitu na kutufukuza tukaswali, Wakristo akawaambia wakapumzike nje, lakini akirudi ndiye wa kwanza kulalamika kwamba kazi imelala. Aliuza vitanda vijiji vyote vya mwambao na alikuwa hajawahi kupanda boti. "Maji hayana breki," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kubwa zaidi ni hili: hakujua kuchonga. Kupima, kupasua, kupiga randa, kuunga mguu na ubavu wa kitanda mpaka usione pa kuingiza wembe, yote hayo aliyaweza, tena vizuri. Lakini mpe patasi ya nakshi umwambie achonge jani moja, litatoka limevimba. Hakuona haya. Mteja akiuliza habari za maua alinyoosha kidole kwangu bila kugeuka. "Mimi najua kitanda. Ua muulize Mchongaji."

Ndiyo maana mkono wangu ulipoanza kufa ganzi, karakana nzima iliugua. Ulianza na vidole vya mwisho, ukapanda mpaka kifundo. Asubuhi nilikuwa nashika patasi vizuri, ikifika mchana siisikii. Hospitali waliniambia ni mshipa umebanwa kwa sababu ya kazi ya miaka yote hiyo, wakanipa dawa na wakanishauri nipumzike, ushauri ambao fundi husikiliza kwa heshima na kuuacha palepale mlangoni. Nilificha kwa muda. Bi Fundi akagundua kwa sababu vitanda vilianza kumalizika asubuhi ya harusi badala ya siku kadhaa kabla. Wakati huohuo madukani mjini vilianza kuingia vitanda vya kuletwa, vya mbao ya unga uliogandishwa, vina maua ya waridi, na unaondoka nacho leoleo.

Hakunigombeza. Alinitazama mkono, akautazama ubao wa kichwani uliokuwa nusu, akasema, "Tutafute mashine."

Nieleze nilivyosikia, kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli wa moyo wangu. Nilisikia kama mtu anayeambiwa mwenzake wa nyumba anatafutiwa mke mwingine, naye aende kusaidia kumchagua. Mashine aliyoitaja nilikuwa nimeiona kwenye simu za watu: ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, mafundi wanaiita CNC, kisu kinazunguka na kutembea chenyewe juu ya ubao huku binadamu amesimama kando na kikombe cha chai. Ikija hiyo, mimi nitafanya nini? Lakini isipokuja, wiki moja tu mbaya itatosha kulivunja neno la Bi Fundi, na litavunjika kwa mkono wangu. Hilo la pili lilinitisha zaidi.

Tukapanda treni kwenda Dar es Salaam. Bi Fundi alibeba mfuko wa nguo, chupa ya chai, na kipande cha ubao wa mkurungu alichokifunga kwenye kanga. Alikichagua mwenyewe kwa ubaya wake. Kilikuwa na fundo katikati na nyuzi zilizopindana, kipande ambacho mimi mwenyewe nikikiona nasogeza kando. Kila abiria aliyekaa karibu nasi alitaka kujua kilichomo ndani ya ile kanga. Mmoja alidhani ni Msahafu, akawa anampisha kwa adabu.

Duka la kwanza lilikuwa na kioo mbele na ubaridi ndani. Mashine zilipangwa zinang'aa. Kijana aliyetupokea alikuwa mchangamfu na mwenye jibu moja.

"Hii inachonga mkurungu?" Bi Fundi aliuliza.

"Hamna shida, Mama."

"Umeme wangu ni ule wa njia moja, wa nyumbani. Wa njia tatu mtaani kwangu haujafika."

"Hamna shida kabisa."

"Na ukikatika katikati ya kazi?"

"Hamna shida, Mama. Ina kumbukumbu. Inaendelea ilipoishia."

Akawasha kutuonyesha. Alitaka kutumia ubao wa paina, Bi Fundi akafungua kanga. Kijana akakubali, kisu kikashuka, ua likaanza kutokea, na lazima niseme lilikuwa linapendeza. Wateja wengine wakasogea. Hapo Bi Fundi akanipa mkoba wake nimshikie, akainama nyuma ya mashine, akachomoa waya ukutani.

Meneja akatoka ofisini.

"Kigoma umeme hauagi," Bi Fundi akasema, akiwa bado ameshika plagi. "Haya, baba, washa tena."

Wakawasha. Kijana akabonyeza alichobonyeza. Mashine ikaenda pembeni, ikatulia kidogo kana kwamba inawaza, kisha ikarudi na kuchora mfereji mrefu katikati ya ua lake yenyewe. Hakuna aliyecheka, ila mteja mmoja alikohoa sana. Bi Fundi akachukua ubao wake, akashukuru, akamwambia yule kijana asihuzunike. Nje akaniambia, "Hajadanganya. Kumbukumbu inayo. Ila inakumbuka mambo mengine."

Duka jingine lilikuwa na mashine iliyopita mtihani wa waya, nikadhani safari imekwisha. Bi Fundi akaomba apelekwe kwa mtu aliyenunua mashine ya namna ile siku nyingi zilizopita. Mwenye duka akasema wateja wake wote wana furaha. "Sijauliza furaha," akajibu. "Nataka kuiona ikiwa imechoka." Yule bwana akamwonyesha picha za mashine mpya. Tukaondoka.

Muuzaji tuliyemkuta mwisho alikuwa kwenye duka la uchochoroni, mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bi Fundi alimwonyesha mashine ndogo aliyoipenda pale mlangoni, lakini yule bwana alipokabidhiwa ubao hakusema hamna shida. Aliushika, akaupima uzito kwa mkono, akapitisha kidole kwenye fundo.

"Mama, unachonga mbao kama hii kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Ijumaa mchana."

"Basi hii ndogo uliyoipenda sikuuzii."

Bi Fundi akavuta kiti. Nilimjua, nikajua kwamba hapo ndipo tumefika.

Yule muuzaji akaeleza taratibu. Mbao ngumu inataka mashine nzito. Fremu ikiwa ya bati jepesi, mwezi wa kwanza itachonga vizuri, kisha itaanza kutetemeka, na ikitetemeka majani yatatoka na meno. Tunahitaji yenye miguu ya chuma, ambayo hakuwa nayo dukani, na kuingoja ni lazima. Iwe inafanya kazi kwa flashi, bila kuhitaji kompyuta kukaa kwenye vumbi. Tununue na stabilaiza, maana umeme unaopanda na kushuka unaua mashine kuliko umeme unaokatika.

"Na ikiharibika?" Bi Fundi akauliza.

"Siwezi kufika Kigoma kesho yake, Mama. Nikisema nitafika, nitakuwa nakudanganya. Vile vipuri vinavyokwisha haraka utaondoka navyo, na fundi wa redio mzuri anaweza kuvifunga nikimwelekeza kwa simu. Simu napokea."

Kesho yake alfajiri, baada ya swala, Bi Fundi alimpigia. Nilikuwa pembeni yake kwenye baraza ya nyumba ya jamaa zake tulikofikia. Yule bwana akapokea kwa sauti nzito ya usingizi. "Shikamoo Mama, kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna. Nilikuwa naangalia tu."

Na mchana wake yule muuzaji akatupeleka Keko, kwa mafundi wa samani, kuiona mashine aliyowauzia zamani. Ilikuwa imechubuka rangi, imejaa vumbi, kitufe kimoja kimefungwa kwa gundi ya karatasi. Bi Fundi aliitazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona kwenye uso wake. Akamtuma muuzaji akamnunulie maji, na alipotoka tu akamgeukia anayeiendesha. "Sema kweli, mwanangu. Imewahi kukuangusha siku ya ahadi?"

Yule fundi akafikiri. "Imewahi. Lakini sikuwa nimezisafisha reli zake. Tangu hapo naisafisha."

Tukaiwekea ule ubao mbaya, ukachongwa, waya ukachomolewa, ukarudishwa, kisu kikaendelea palepale kilipoachia. Kisha Bi Fundi akakitoa kile kipande na kunipa mimi. "Mchongaji, sema wewe. Ukisema haifai, tunarudi Kigoma."

Watu wote wakanitazama. Ningeweza kukuta kasoro, fundi akitaka kasoro haikosi. Nikapitisha kidole kwenye ua, nikafika kwenye fundo ambapo mimi mwenyewe ningepasua, na mashine haikupasua. Nilitamani lingekuwa baya. Nikasema inafaa.

Mashine ilipofika Buzebazeba nilianza kuchora. Majani yote niliyokuwa nimeyazoea mkononi niliyachora kwenye karatasi, yakapigwa picha, nikajifunza kuyaingiza kwenye kompyuta, kazi iliyonitoa jasho kuliko mkurungu. Wateja waliotaka waridi na simba wa kwenye mtandao Bi Fundi aliwaelekeza madukani. Na akaweka amri moja: mashine itachonga ua na umbo la majani, lakini mishipa ya majani ataichonga Mchongaji kwa mkono. Alisema ni kwa sababu visu vyembamba vinavunjika kwenye mkurungu. Ni kweli vinavunjika. Kama alikuwa na sababu nyingine hakuniambia, nami sikuthubutu kumuuliza nikaharibu. Mishipa ni kazi ya asubuhi moja, na asubuhi moja mkono wangu uliiweza.

Ndipo likaja jambo la mawese. Mtu wa kwingine hawezi kufanya kosa lile. Kwetu mawese yanapikia maharage, yanalainisha bawaba za mlango, yanapakwa mtoto mwenye ngozi kavu. Grisi tuliyopewa ya kupaka reli za mashine ilipokwisha, Bi Fundi hakungoja nyingine. Alichukua kikombe jikoni, akazipaka reli mawese mekundu mazuri, akajisifia jinsi mashine ilivyonyamaza. Kwa muda ilinyamaza kweli. Kisha vumbi la mkurungu likashikana na yale mawese yakawa uji, uji ukawa ugali, na Jumatano moja mashine ikakwama katikati ya ua. Kitanda chenyewe kilikuwa cha binti wa Ilagala, na harusi ilikuwa Ijumaa.

Bi Fundi hakumsingizia mtu. Akampigia muuzaji mbele yetu sote. "Nimeipaka mawese."

"Mawese haya ya kupikia?"

"Kwetu hakuna mengine."

Yule bwana alicheka mpaka akaomba radhi. Kisha akatuelekeza: tuzime, tufungue vifuniko, tusugue kwa mafuta ya taa na brashi laini, tukaushe, tungoje mafuta yaishe harufu. Ni kazi ya siku nzima na zaidi. Mafundi wengine wakaanza kusugua, mimi nikachukua patasi na kuendelea na ua pale mashine ilipoachia. Bi Fundi aliniwekea beseni la maji ya moto. Nilikuwa nachonga kidogo, naloweka mkono, nachonga tena. Yeye alishika msasa, akawa ananifuata nyuma akilainisha. Niliumia sana siku ile, na sijawahi kufurahi karakanani kama siku ile.

Kitanda kikakamilika Alhamisi asubuhi, lori la kwenda Ilagala likawa limeshaondoka. Ikabaki njia ya boti kutoka Ujiji. Nilidhani atanituma mimi. Akafunga kanga ya pili kiunoni, akasema, "Kosa ni langu, nitaenda kulisema mwenyewe." Watu wa ufukweni waliomjua waliacha kazi zao kumwangalia Bi Fundi akipanda chomboni. Njia nzima aliukumbatia ule ubao wa kichwani akiwa amefumba macho, midomo inatembea kwa dua, na kila mara boti ilipopigwa na wimbi alinibana mkono, ule mbovu.

Ilagala mama wa binti alitupokea ufukweni kwa furaha, akatusalimu kwa Kiha. "Mwakeye, Bi Fundi! Karibuni." Bi Fundi hata hakukaa. Akamweleza pale penye mchanga kwamba nusu ya ua imechongwa na mashine na nusu imechongwa kwa mkono, kwa kuwa yeye aliiharibu mashine kwa mawese, na kama hakitaki atamtengenezea kingine. Yule mama akakitazama kitanda, akamtazama Bi Fundi, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu ana kitanda cha mashine na cha mkono pamoja?"

"Ndiyo."

"Nani mwingine anacho?"

"Hakuna."

Jioni ile kijiji kizima kilikuwa kimeshaambiwa. Na haikuchukua muda wakaanza kuja watu Buzebazeba wakitaka kitanda kama kile cha Ilagala, nusu kwa nusu. Wengine walisema waziwazi kwamba wanataka "kitanda cha mawese." Bi Fundi aliwatazama kwa ukali, akachukua oda zao.

Aliacha kazi kifua kilipoanza kumsumbua kwa ajili ya vumbi. Hakufanya sherehe. Alinikabidhi ufunguo asubuhi moja, akasema karakana ni yangu kuiendesha na mkosi wowote ni wangu pia, akahamia kwa dada yake Ujiji. Nilikuwa na hofu kwamba sasa simu zake zitaniua, na zilikuja nyingi: mbao zimefika, reli mmesafisha, binti wa fulani tarehe gani. Nilizijibu zote. Lakini nilijua kitu ambacho wenzangu hawakukijua. Watu walikuwa bado wananunua neno lake, kwa sababu langu hawajawahi kulijaribu. Mama wakija kuagiza walikuwa wananisikiliza, kisha wanauliza, "Na Bi Fundi anasemaje?"

Mwaka huu, baada ya mvua, alikuja karakanani akiwa amevaa baibui jipya. Hakwenda kwenye kiti chake. Aliketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akangoja nimalize na mtu niliyekuwa naye.

"Shikamoo, Bi Fundi. Mbona umekaa huko?"

"Marahaba. Nimekuja kuagiza kitanda."

"Cha nani?"

"Changu." Akanitajia mzee mmoja mjane, mstaafu wa bandari, mtu mpole ninayemjua. "Nimemwona akiwa na homa, nimemwona amefiwa, nimemwona amefungiwa nje ya nyumba na mvua inanyesha. Anafaa."

Wenzangu waligeukia ukutani kuficha vicheko. Yeye alikuwa mzito kama mama wa binti yeyote. Nikamuuliza tarehe, akanitajia Ijumaa. Nikamwambia kitanda kitafika Alhamisi. Akanikazia macho kwa muda mrefu, nami nikamtazama hivyohivyo. Nilingoja aulize mbao ninayo, mkono unaendeleaje, mashine imesafishwa lini. Akainuka, akaaga, akatoka.

Wiki ile nilifanya kazi kama mgeni aliyeanza jana. Ua lilichongwa na mashine, mishipa nikaichonga mwenyewe, na kila simu ilipolia nilidhani ni yeye. Hakupiga.

Alhamisi tulikisukuma kwa mkokoteni hadi Ujiji, wanawake wakiimba mbele, watu wamejaa barazani kumwangalia Bi Fundi akiolewa. Tulimkuta ameketi mkekani uani, mikono yote miwili imepakwa hina mbichi, ameinyoosha mbele yake isiguse kitu. Kitanda kikawekwa karibu naye, ubao wa kichwani umemwelekea. Wanawake wakasogea, wakingoja Bi Fundi akikague. Yeye alikuwa na desturi ya kukagua kwa viganja, tena kuanzia chini, kule ambako hakuna anayeona.

Akaitazama mikono yake. Akanitazama mimi.

"Uvunguni umepiga msasa?"

"Nimepiga."

"Kiingizeni ndani," akawaambia.